Kocha wa Kushikia Nafasi

Kila mechi ya wasichana wa chuo kile ilianza kwa kutajwa mtu ambaye hayupo. Mtangazaji anashika kipaza sauti, anasoma majina ya wachezaji, halafu anatangaza kwa madaha: "Na kocha wao ni Népomuscène!" Hapo anasimama mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha kijani, suruali ya michezo na filimbi shingoni, anapunga mkono mara moja, anakaa. Watu wanapiga makofi. Wachezaji wa vyuo vingine walikuwa wameshakata shauri kwamba Népomuscène ni mumewe, wakamwita Mama Népo, naye alichoka kukanusha akawa anaitika.

Jina lake ni Zubeda, na mume hana. Népomuscène alikuwa kocha kabla yake, akaondoka, na hakuna kiumbe aliyewahi kumwambia Zubeda kwa kinywa chake kwamba sasa kocha ni yeye. Ungemuuliza siku zile, "Kwani we ni nani pale?" angekutazama, angetazama chini, halafu angekujibu ukweli mtupu: "Hata mi sijui."

Alizaliwa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, katika ua ambamo majirani wanagombana kwa Kirundi, wanapatana kwa Kiswahili, na wakitaka kuonyeshana kisomo wanatupiana Kifaransa. Baba yake, Rachidi, fundi wa magari, alifariki Zubeda akiwa bado shule ya msingi. Mama yake, Bi Khadidja, akabaki na meza yake ya vitenge katika soko la Jabe, na ulimi ambao soko zima liliuheshimu.

Mpira wa kikapu Zubeda aliuokota shuleni. Mama alikuja juu: mtoto wa Kiislamu, miguu wazi, anarukaruka mbele ya wanaume! Zubeda akavaa suruali ndefu chini ya kaptula, akafunga kilemba, akaendelea kurukaruka. Siku moja Bi Khadidja akafunga meza yake mapema akaenda uwanjani kumkemea mbele ya watu. Akamkuta mwanawe anamnyang'anya mpira msichana aliyemzidi kichwa kizima, na kabla hajajua anafanya nini akawa amepanda juu ya benchi anapiga vigelegele. Habari za miguu hazikuzungumzwa tena katika nyumba ile.

Chuo alichosoma ni cha watu binafsi, upande wa Quartier Industriel, mtaa wa viwanda. Uwanja wake wa saruji uko nyuma ya maghala, na upepo ukigeuka mnacheza mpira huku mnanusa sabuni na kahawa. Alisomea usimamizi wa biashara na akaichezea timu chini ya Népomuscène, mtu mrefu, mwenye maneno matamu, na aliyeujua mpira kwelikweli. Mwaka wa mwisho goti likamsaliti. Akamaliza masomo, kazi hakuna, akawa anakuja uwanjani kila jioni kwa sababu nyumbani hakukaliki. Népomuscène akamwambia abebe fulana. Kutoka kwenye fulana akapanda kwenye kuandika pointi, na kutoka kwenye pointi akapanda kwenye kuwapasha wachezaji misuli moto. Hapo ndipo ngazi ya kazi yake ilipofika.

Halafu jioni moja, katikati ya mazoezi, Népomuscène alipigiwa simu. Akasogea kando akaongea, akarudi uso umebadilika. Akavua filimbi shingoni, akampa Zubeda pamoja na funguo za stoo. "Zubeda, nishikie kidogo, narudi," akasema, akatoka getini.

Zubeda alidhani amekwenda chooni. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam.

Sasa mtu asiyeujua mji huu atasema: si angejitwalia tu hiyo kazi? Asiseme. Hapa Buja, kushikia mtu nafasi si mchezo. Siku za foleni za mafuta, na siku hizo bado tunazo, mtu anaacha bidoni lake, dumu tupu la mafuta, mstarini, anamwambia aliye nyuma yake "nishikie kidogo," anakwenda kazini, anakula, anajinyoosha kidogo, anarudi. Bidoni lake atalikuta mbele, limesukumwa hatua kwa hatua na mtu asiyemjua hata jina. Hakuna anayemuuliza ulikuwa wapi. Na anayekula nafasi ya mtu aliyemwamini, sifa yake itafika msikitini na kanisani kabla yeye hajafika kwake.

Bi Khadidja akaongezea la dini. "Mwanangu, ile ni amana. Mutu amekupatia kitu mukononi, utakirudisha mukononi mwake. Siku ya kiyama utaulizwa."

Basi Zubeda akashika. Akashika mwezi, akashika muhula, akashika mwaka, na mwaka ukazaa mwaka.

Mwanzoni alifanya kila kitu kama Népomuscène angekifanya. Mazoezi yake yaleyale, kelele zake zilezile, mpaka ile tabia ya kuzungusha filimbi kidoleni. Timu ikapigwa kila ilipokwenda. Si ajabu: alikuwa haufundishi mpira, alikuwa anamkumbuka mtu. Kilichomtoa huko ni Jabe. Alikuwa anamsaidia mama yake sokoni siku moja, muuza mitumba wa jirani akaanza kuisogelea meza yao. Bi Khadidja hakugomba. Alimgeuzia yule mtu mgongo, akashuka chini kidogo, akatoa kiuno, akapanua mikono, huku anaendelea kutabasamu na kuita wateja. Muuza mitumba akasukuma, wapi! Jioni ile Zubeda akawaweka wasichana chini ya kikapu.

"Mupira ukiruka, musiutazame mupira," aliwaambia. "Tafuta mutu wako kwanza. Mugeuzie mugongo, shuka chini, muzibe na kiuno. Ile ndiyo mama yangu anafanyaka pale Jabe, na hakuna mutu amewahi kumutoa."

Wakacheka, wakajaribu, na wakaanza kushinda. Walikuwa wafupi kuliko wote mjini, lakini mpira ukidunda kwenye ubao ulikuwa wao. Hapo ndipo kichwa cha Zubeda kilipoanza kuvurugika. Akishindwa mechi, alimwomba Mungu amrejeshe Népomuscène upesi. Akishinda, alimwomba Mungu amcheleweshe kidogo. Halafu alisema astaghfirullah kwa zote mbili. Alijiona kama mtu aliyeachiwa nyumba ailinde, akaja kushtuka ameshabadilisha rangi ya kuta.

Si kwamba hakuuliza. Alikwenda kwa wakubwa wa chuo, na kila mkubwa alimuuliza swali moja: "Kuna remise-reprise ilifanyika?" Hii ni ile shughuli ya kukabidhiana kazi. Anayetoka anasimama mbele ya mashahidi, anatoa vitu vya kazi mkononi mwake, anayeingia anavipokea, watu wanapiga makofi, Fanta zinafunguliwa. Bila hiyo, hata ukikalia kiti mpaka kikachukua umbo lako, kiti si chako. Haikufanyika? Basi tutaona. "Tutaona" ni neno tamu sana kulisikia, na limezeesha watu wengi katika mji huu.

Hata mposaji jambo hili lilimfukuza. Fundi mmoja wa pikipiki wa Buyenzi alipeleka wazee wake, watu wa heshima, wakauliza kwa adabu binti anafanya kazi gani. Zubeda, nyuma ya pazia, akamsikia mjomba wake anasita, anakohoa, kisha anajibu: "Anamushikia mutu." Wazee wakatazamana. Wakamaliza chai yao wakaaga, na hatukuwaona tena.

Ndivyo alivyoishi, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, mpaka mwaka ambao timu iliingia fainali ya vyuo.

Hakuna aliyelitegemea hilo, wala wao wenyewe. Nahodha wao, Nella, mtoto wa Ngagara asiyejua kunong'ona, alifunga kikapu cha mwisho kwenye nusu fainali akiwa ameanguka chini. Picha zikaenea kwenye WhatsApp kama moto wa majani makavu, na moja ikavuka mpaka ikatua kwenye simu ya mtu Dar es Salaam, na maneno haya: "Népo, timu yako iko fainali!"

Wiki ileile, katikati ya mazoezi, Népomuscène akaingia getini.

Alikuwa amekonda. Shati lilipigwa pasi vizuri lakini kola ilikuwa imekwisha. Zubeda alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya mstari. Alipomwona aliruka juu kabla akili haijafika, akakifuta kiti kwa kiganja, akamsogezea.

"Karibu, kocha."

"Asante kunishikia, Zubeda," akasema Népomuscène, akakaa.

Mpira ukaacha kudunda. Nella akasogea, jasho linamtiririka. "Kocha, huyu ni nani?"

"Ni kocha," akajibu Zubeda.

"Na we?"

Zubeda akapuliza filimbi, mazoezi yaendelee. Népomuscène alitazama mazoezi mpaka mwisho, mguu juu ya mguu. Wasichana walipozibana chini ya kikapu akakunja uso. "Mbona wanageuza migongo vile? Mi sikufundisha ile. Bon, tutarekebisha." Hakulisema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma Zubeda zaidi, maana mtu mbaya angalau unajua umchukieje.

Népomuscène alipoondoka, Nella hakungoja hata avuke geti. "Kocha, mbona ulisimama ukamupa kiti?"

"Kiti ni chake."

"Kiti ni cha chuo! Ni plastiki!"

Nyumbani Zubeda alimweleza mama yake yote, akitaraji jibu, kwa sababu Bi Khadidja hakuwahi kukosa jibu tangu dunia iumbwe. Mama alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Amana ni amana," alisema. "Lakini mutoto umelea mwenyewe, ameota na meno..." Akakikunjua. "Mi sijui, mwanangu. Muombe Mungu." Zubeda akaogopa kweli sasa. Kama mama hajui, nani atajua?

Chuoni kulikuwa na mkurugenzi mpya wa mambo ya wanafunzi, Monsieur Anselme. Waandaaji wa mashindano walikuwa wamempelekea habari kwamba kwenye fainali atakayekaa benchi awe kocha aliyewekwa na chuo kwa utaratibu, si mtu wa kuitikia jina la mwenzake. Anselme alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja: kumwambia mtu "apana" usoni kulimshinda. Akamwita Zubeda, akamkaribisha kiti, akamuulizia mama, akamwambia: "Ijumaa saa nane tunafanya remise-reprise. Jitayarishe vizuri, familia nayo ije." Zubeda akatoka ofisini miguu haigusi sakafu. Baada yake Anselme akamwita Népomuscène, akamkaribisha kiti kilekile, akamwambia maneno yaleyale.

Msimlaumu sana. Alifikiri moyoni kwamba hawa wawili ni watu waliolelewa vizuri, kabla ya Ijumaa watakuwa wamekaa wakaelewana wenyewe nani anatoa na nani anapokea. Na kweli walikuwa wamelelewa vizuri, vizuri kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kuligusa. Alhamisi walikutana uani. Wakasalimiana kirefu, wakaulizana afya, mvua, mafuta yameonekana kituo gani. Népomuscène akasema, "Basi, kesho." Zubeda akasema, "Inshallah, kesho." Kila mmoja akaenda zake anamwonea mwenzake huruma.

Ijumaa ikafika. Hema lilisimamishwa kando ya uwanja, viti vikapangwa. Bi Khadidja aliingia na mashangazi, wote wamevaa kitenge cha aina moja, kreti za Fanta zinawafuata nyuma. Hawajakaa sawasawa, upande wa pili wakaingia watu wa Népomuscène na kreti zao, na dada yake kakumbatia shada la maua. Mama yake Népomuscène, mkongwe mwenye rozari shingoni, akamwendea Bi Khadidja mikono imefunguka.

"Yoo, asante kutulindia."

"Asante ni kwenu," akajibu Bi Khadidja, "kumwachia mutoto wangu."

Wakakumbatiana. Watu wa upande huu walijua wale wamekuja kumuaga mtu wao, na wale walijua hawa wamekuja kumuaga wa kwao, kwa hiyo wote walikuwa wakarimu kupita kiasi, na kila upande ulikuwa unanywa Fanta ya mwenzake. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Monsieur Anselme akashika kipaza sauti, akashukuru kila mtu anayestahili na wengi wasiostahili, kisha akasema: "Sasa namwita anayekabidhi."

Hakusimama mtu.

Anselme akatabasamu, akadhani kipaza sauti kimezima, akakigonga. "Namwita anayepokea."

Wakasimama wawili.

Mtu mmoja nyuma akacheka, akakuta anacheka peke yake. Zubeda akamtazama Népomuscène, Népomuscène akamtazama Zubeda, na kwenye macho ya kila mmoja mshangao ulikuwa mmoja. Bi Khadidja akateremsha chupa ya Fanta polepole, kama mtu aliyegundua ameonja futari ya jirani bila kukaribishwa.

"Bon," akasema Anselme, jasho linamtoka. "Bon, bon." Akainama akanong'onezana na mwenzake wa ofisini, akainuka amekuwa mwekundu wa macho. "Wapokeaji wawili haiwezekani, na kama hakuna anayetoa hakuna anayepokea. Donc, kesho kwenye benchi atakaa Monsieur Gélase."

Gélase alikuwa kocha wa mpira wa miguu, alikuja kwa ajili ya Fanta. Ilimpalia. Alijua juu ya kikapu kwamba kina tundu. Wasichana wakaguna wote pamoja, na Nella akasema kwa sauti, "Tumeisha."

Népomuscène akainua mkono. "Monsieur le directeur, samahani. Vitu viko kwa nani? Viko kwa Zubeda. Basi anayetoa ni Zubeda. Mi nilimwomba anishikie. Ao nasema uongo, Zubeda?"

"Husemi uongo," akajibu Zubeda.

"Na ulikubali?"

"Nilikubali."

Macho yote yakamgeukia. Ndani ya kichwa chake mambo yalikuwa yanazunguka: wasichana, amana, kiyama, kesho, uso wa mama yake unaotazama chini. Hakujua lililo haki. Aliloweza kulijua kwa hakika ni moja dogo: filimbi ile haikuwa yake. Basi akalishika hilo dogo. Akavua filimbi. Akatoa funguo. Akaenda stoo mwenyewe akarudi na mipira ya zamani iliyokwanguka ngozi, ambayo hakuwahi kuitupa hata waliponunua mingine, na fulana zilizopauka, zimefuliwa na kukunjwa. Akaviweka mbele ya Népomuscène kimoja kimoja.

"Amana yako hii, kocha. Imetimia?"

Népomuscène akavitazama. Alionekana kashangaa kuviona bado vipo. "Imetimia," akasema. "Na timu?"

"Timu gani?"

Hakumkejeli. Alikuwa anauliza kweli, kwa sababu hata yeye ndiyo kwanza swali linamfikia. "Wale uliniachia walimaliza chuo, kocha. Elsa ameolewa Gitega. Candide anafundisha Ngozi. Wengine hata mi sijui wako wapi. Siwezi kukurudishia, nisamehe. Lakini hawa..." Akawageukia wasichana. "Hawa hukuniachia we. Hawa walikuja wenyewe, wakanikuta mi."

Bi Khadidja akainua kichwa.

Népomuscène akatazama mstari wa wasichana, uso kwa uso, kama mtu anayetafuta wake kituo cha mabasi. Akasimama kwa Nella.

"We unaitwa nani?"

"Nella."

"Nani alikufundisha mupira?"

Nella, asiyejua kunong'ona, hakujibu. Alimtazama Zubeda tu. Népomuscène akahamia kwa aliyefuata, naye alikuwa anamtazama Zubeda, na aliyefuata pia.

Lakini vitu sasa vilikuwa mkononi mwake. Amepokea, mbele ya mashahidi, mkurugenzi yupo, Fanta zipo. Kwa utaratibu wote wa mji wa Bujumbura, dakika ile kocha alikuwa Népomuscène, na Anselme alikuwa ameshapumua na kuinua kipaza sauti ampongeze. Dada mtu akanyanyuka na shada lake. Zubeda akaona alichokifanya. Amekitoa kwa mkono wake mwenyewe, hakuna aliyemnyang'anya. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akajua bila shaka yoyote anachokitaka, sasa ambapo hakipo tena mkononi.

Népomuscène akamzuia dada yake kwa kiganja. Alikaa na filimbi ile muda, anaigeuzageuza, wala haizungushi kidoleni.

"Kule Dar mi niliitiwa kazi kwa simu, nikakuta ni kubeba mizigo," akasema, haijulikani anamwambia nani. "Nimelala na njaa. Na kila nikilala nilikuwa najiambia: Népo, hapa hauko mutu, lakini Buja kuna kiti chako, Zubeda amekushikia. Ile ndiyo ilikuwa inanipatia usingizi." "Sikufikiri kama na huku siku zinapitaka."

Mama yake akaanza kulia chinichini. Népomuscène akamgeukia mkurugenzi. "Monsieur Anselme, tafazali. Ita tena."

Anselme hakuelewa. Ilibidi mwenzake ampige kiwiko. "Namwita... anayekabidhi," akasema.

Népomuscène akasonga mbele.

"Namwita anayepokea."

Zubeda akasimama peke yake. Népomuscène akamvisha filimbi, akampa funguo, akampangia mipira mikononi mpaka mmoja ukaanguka ukaviringika chini ya viti. Vigelegele vya mashangazi vikavuka maghala. Wasichana wakamrukia. Dada yake Népomuscène, asijue la kushika wala la kuacha, akampa Monsieur Anselme lile shada, naye Anselme akashukuru kwa moyo wote.

Watu walipotawanyika na kreti tupu kuondolewa, wasichana walikuwa wameshaingia uwanjani kupasha misuli, maana kesho, zile kazi za pamoja za kila Jumamosi asubuhi, za kusafisha mji, zikiisha tu, ni fainali. Zubeda alisimama chini ya hema anaingoja furaha. Miaka yote alidhani siku akipokea, kichwa kitakuwa cheupe na kila kitu kitakaa mahali pake. Furaha ilikuja, lakini ilikuja na mtu: Népomuscène alikuwa bado yupo pale, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Akaitia mifukoni, akaitoa.

"Na mi sasa, Zubeda," akamuuliza taratibu, si kwa kumlaumu, "niende wapi?"

Zubeda akatafuta jibu. Amwambie aje abebe fulana? Yeye alizibeba, anajua uzito wake. Amwambie asubiri, tutaona? Hilo neno hakuwa na uso wa kumwambia mtu.

"Kocha!" wasichana wakaita kutoka uwanjani. "Kocha, tunakungoja!"

Wakageuka wote wawili. Népomuscène akawahi kujua si yeye anayeitwa, akainamisha kichwa.

"Sijui, kocha," Zubeda akamjibu, akaenda kwa wasichana wake.